Faida 20 za Kitunguu Swaumu: Tuusahihishe Ujumbe Huu Pamoja

Ujumbe wenyewe unaujua. Unaingia kwenye grupu la familia alfajiri, una picha ya kitunguu swaumu kilichomenywa, na chini yake orodha: kinashusha presha, kinaondoa mafuta kwenye damu, kinatibu vidonda vya tumbo, kinaua bakteria, virusi na fangasi, kinazuia saratani, kinaongeza nguvu za kiume. Namba hubadilika, mara faida 12, mara 20, mara 40, ila mwisho ni ule ule: watumie na wenzako. Jina la mwandishi hakuna. Tarehe hakuna. Na bado ni moja ya maandishi ya sayansi yanayosomwa sana nchini kwetu, kuliko makala zote za blogu hii zikijumlishwa.

Sasa kama unasomwa hivyo, unastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki kitabu au filamu. Unapopatia tuseme umepatia. Unapokosea tuonyeshe kosa liko wapi hasa, maana "huo ni uzushi" siyo uhakiki, ni kukunja uso tu.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na kitunguu swaumu. Kwetu Kaengesa, huku Ufipa, mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi na kitunguu swaumu hakijawahi kuhitaji kibali cha profesa. Tanzania tunakilima wenyewe; Mbulu, mkoani Manyara, panajulikana sana kwa zao hili. Ninachohakiki ni ujumbe.

Ujumbe unapopatia

Fanya jaribio dogo. Chukua punje moja nzima, imenye bila kuikwaruza, inusе. Harufu ni ndogo. Kisha iponde kwenye kinu. Ile harufu inayokupanda puani haikuwepo dakika moja iliyopita. Imetengenezwa mbele yako.

Ndani ya punje kuna kampaundi yenye salfa iitwayo aliini. Pembeni yake, kwenye chumba kingine cha seli, kimefungiwa kimeng'enya kiitwacho aliinasi. Punje ikiwa nzima, hivi viwili havikutani. Ukiponda, kuta zinavunjika, vinakutana, na ndani ya sekunde chache inazaliwa alisini. Kwa mmea, hiyo ni silaha: mdudu au ukungu ukiutafuna, unakutana na moto.

Mwaka 1944, wanakemia wawili wa Marekani, Chester Cavallito na John Hays Bailey, waliitenga alisini na kuonyesha kwamba inazuia bakteria wa aina nyingi. Kwa hiyo ule mstari wa "kinaua bakteria" una mzizi wa kweli. Aliyeandika ujumbe hakuutoa hewani.

Kosa la kwanza: kinaua, lakini wapi?

Kwenye kisahani cha maabara, mtafiti anamwaga dondoo ya kitunguu swaumu moja kwa moja juu ya bakteria. Bakteria wanakufa. Vizuri. Lakini hata Jik ukimwaga pale wanakufa, na hakuna anayekunywa Jik. Kuua kwenye kisahani ni mwanzo wa swali, na ujumbe wetu unaufanya kuwa jibu.

Ndani ya mwili mambo ni mengine. Alisini haidumu. Watafiti wameitafuta kwenye damu ya watu waliokula kitunguu swaumu kibichi na hawakuiona. Inakuwa imeshavunjika kuwa kampaundi nyingine za salfa. Moja ya hizo inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni, ndiyo maana mtu anaweza kupiga mswaki mara tatu na bado jirani yake kwenye daladala akajua alikula nini jana.

Tuchukue vidonda vya tumbo, maana mstari huo haukosekani kwenye orodha. Vingi vinasababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na kwenye kisahani kitunguu swaumu kinamzuia kweli. Basi mwaka 1999 watafiti wa Marekani wakaamua kuuliza tumbo lenyewe. Waliwapa watu wenye maambukizi punje 10 mbichi pamoja na chakula, kisha wakawapima kwa kipimo cha pumzi. Bakteria hakutikisika. Katika utafiti huo huo dawa ya bismathi, ambayo ni ya siku nyingi tu, ilimpunguza. Kundi lilikuwa dogo, lakini linakuonyesha umbali uliopo kati ya kisahani na tumbo.

Kosa la pili: kiasi gani, na kimeandaliwaje?

Angalia maelekezo ya ujumbe: "chemsha punje tano, kunywa asubuhi." Mstari wa juu yake umekusifia alisini. Hapo ujumbe unajipinga wenyewe. Moto unaharibu kile kimeng'enya. Ukitumbukiza punje nzima kwenye maji yanayochemka, aliinasi inakufa kabla haijakutana na aliini, na alisini karibu haitokei kabisa. Mwaka 2001 watafiti waliandika kwamba ukiponda na kuacha dakika 10 kabla ya kuweka motoni, sehemu ya uwezo wake inabaki. Kitu kidogo kama hicho, dakika 10 tu, kinabadilisha unachokunywa, na kwenye orodha ya faida 20 hakimo.

Usione ni udadisi wa watu wa maabara. Ile dawa ya mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliiteua mwaka 2006 kuwa ya kwanza kutumika, ina asili ya mmea uitwao Artemisia. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015, alihangaika na mmea huo miaka ya mwanzo ya 1970, na matokeo yalikuwa yanayumba. Alipoacha kutumia joto kali na kuchuja kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, dawa ikaonekana. Baada ya hapo ikaja kazi ya kujua inatakiwa miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, kwa mtoto wa kilo ngapi. Mmea ulikuwepo miaka yote. Kilichoufanya uwe dawa ni hiyo kazi, na hiyo ndiyo ujumbe wetu unairuka.

Kosa la tatu: orodha inasawazisha visivyo sawa

Orodha ina ubaya wake kama umbo la uandishi. Namba 3 na namba 17 zinaonekana zina uzito uleule. Tuzipime chache.

Presha. Hapa kitunguu swaumu kina hoja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikusanya majaribio 12 yenye watu 553 wenye presha, na wastani ulionyesha namba ya juu ya presha kushuka kwa takriban 8. Siyo kidogo. Ila majaribio mengi yalikuwa madogo, yalitumia vidonge vya dondoo vyenye kipimo maalumu, na katika baadhi yake washiriki walikuwa wanaendelea na dawa zao za hospitali. Kumbuka sentensi hiyo ya mwisho, tutairudia.

Mafuta kwenye damu. Majaribio ya zamani yalitia moyo. Kisha mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakachapisha jaribio la watu 192 wenye kolesteroli ya kupanda kiasi. Kundi moja lilikula kitunguu swaumu kibichi, mengine mawili vidonge vya aina mbili tofauti, na la nne kidonge kisicho na dawa. Siku 6 kwa wiki, kwa miezi 6. Ile kolesteroli mbaya haikushuka kwa namna ya maana kwenye kundi lolote.

Mafua. Kuna jaribio la Uingereza la mwaka 2001: watu 146, wiki 12. Waliopewa kitunguu swaumu waliugua mafua mara 24 kwa jumla, wengine mara 65. Tofauti kubwa! Lakini wahakiki wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzichuja, walipopita wakakuta ni hilo moja tu linalofikia vigezo vyao. Tena kitunguu swaumu kina taabu yake kwenye utafiti: ukitaka mtu asijue kama amepewa cha kweli au cha bandia, akibeua tu siri imefichuka.

Saratani ya tumbo. Wilayani Linqu, nchini China, watu zaidi ya 3,300 waliingizwa kwenye jaribio lililoanza mwaka 1995, wengine wakapewa dondoo ya kitunguu swaumu kwa zaidi ya miaka 7. Matokeo ya kufuatilia kwa miaka 22 yalichapishwa mwaka 2019. Waliopewa dondoo walikufa kidogo zaidi kwa saratani hiyo, ingawa kushuka kwa idadi ya walioipata hakukuwa kukubwa kiasi cha kuondoa uwezekano wa bahati tu. Lakini waliotibiwa yule bakteria wa vidonda kwa wiki 2 tu, kwa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi, idadi ya walioipata saratani ilishuka waziwazi.

Unaona? "Huenda inasaidia kidogo", "haikusaidia", "utafiti ni mmoja" na "inasaidia lakini tiba ya kawaida inasaidia zaidi". Ni majibu manne tofauti, na ujumbe umeyaandika yote kwa neno moja: kinatibu.

Kosa la nne, lisiloandikwa

Likizo iliyopita mama yangu mdogo alinipa simu yake. "Mwanangu, hebu nisomee hii vizuri, wewe si ndiye msomi wetu." Nikasoma. Nikamuuliza, "Na vile vidonge vya presha, mama, bado unameza?" Akajibu bila wasiwasi: "Viliisha tangu wiki ile ya gulio. Si nimeanza hiki? Tena hiki hakina kemikali."

Hapo ndipo kosa zito liliko, na ukiusoma ujumbe mstari kwa mstari hulioni, kwa sababu haukusema popote "acha dawa". Umesema "kinatibu presha", basi. Maneno "badala ya" msomaji ameyaongeza mwenyewe, na ana haki ya kuyaongeza, maana ukishaambiwa hiki ni tiba, ya nini kupanda gari mpaka Sumbawanga kufuata tiba nyingine?

Tupige hesabu. Mtu mwenye presha ya 180, hata tukimpa kitunguu swaumu sifa zake zote za kwenye utafiti, anabaki na 172 hivi. Bado yuko pabaya, kiharusi hakijasogea mbali. Na presha haiumi, kwa hiyo hatajua kwamba imebaki juu mpaka apimwe. Hilo la "hakina kemikali" nalo ni la kuongea kwa upole: alisini ni kemikali, aliini ni kemikali, hata maji ni kemikali. Swali la maana ni kemikali ipi, kiasi gani, nani ameipima.

"Badala ya" imewahi kugharimu nchi nzima. Afrika Kusini, Waziri wa Afya wa miaka ya 1999 hadi 2008, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa akiwasifia wenye virusi vya UKIMWI kitunguu swaumu, ndimu na viazi vyekundu vya bitiruti, huku serikali ikisuasua kutoa ARV. Mwaka 2006, kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Toronto, banda la nchi yake lilipambwa kwa vyakula hivyo. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walikadiria kwamba kuchelewesha ARV kati ya 2000 na 2005 kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Kitunguu swaumu hakikumuua hata mmoja wao. Kilikaa tu kwenye nafasi ya dawa.

Mstari uliokosekana: madhara

Orodha ya faida 20 isiyo na hata tahadhari moja ni tangazo. Hizi hapa chache zinazojulikana.

Vidonge au dozi kubwa za kitunguu swaumu vinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, hasa kwa anayetumia wafarini au aspirini, au anayesubiri upasuaji. Mwambie daktari.

Vinaweza kugongana na dawa. Mwaka 2002 ilichapishwa kwamba vidonge vya kitunguu swaumu vilipunguza kwa takriban nusu kiwango cha sakwinaviri, moja ya ARV za zamani, kwenye damu ya watu waliojitolea. Anayetumia dawa za kudumu asinyamaze.

Kibichi kilichopondwa kikifungwa juu ya ngozi kinaunguza, malengelenge kabisa, na ngozi ya mtoto ndiyo inayoumia haraka. Kukiweka sehemu za siri "kutibu fangasi", kama jumbe zingine zinavyoelekeza, ni kujitafutia jeraha.

Na kile cha kuloweka kwenye mafuta ndani ya chupa na kukiacha kabatini: humo hewa haiingii, na bakteria wa sumu ya botulini anapenda pasipo hewa. Mwaka 1985 mjini Vancouver, nchini Kanada, watu 36 waliugua kwa chanzo hicho. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, kitumie ndani ya siku chache. Kama friji huna, ponda cha siku hiyo hiyo.

Kwa nini ujumbe bado unashinda?

Hapa uhakiki unawageukia wataalamu. Februari 2020 Shirika la Afya Duniani liliandika kuhusu kitunguu swaumu na korona: ni chakula kizuri, huenda kina uwezo fulani dhidi ya vijidudu, lakini hakuna ushahidi kwamba kimewakinga watu. Ni sahihi kila neno. Ila msomaji akimaliza anabaki mikono mitupu. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2021, jijini Dodoma, Waziri wetu wa Afya wa wakati huo alisimama mbele ya waandishi wa habari kuonyesha namna ya kuandaa kinywaji cha tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili. Unadhani kipi kilikumbukwa?

Ujumbe wa faida 20 unakusalimia. Unatumia maneno ya jikoni kwako. Unakupa kitu cha kufanya leo, kwa shilingi chache, bila foleni. Mama mdogo alipewa vidonge na sentensi moja: "meza kila siku". Ujumbe ulimpa sababu, hata kama ni sababu mbovu. Binadamu hushika alichoelezwa.

Halafu kuna lile neno linalopendwa kwenye mabango: imani potofu. Huku kwetu linawasha. Sumbawanga imetaniwa vya kutosha. Hata jina la mji hutafsiriwa "tupa uchawi", na ukitaja unakotoka ukiwa Dar lazima mtu acheke. Mtu aliyechoka kuitwa mshamba hatasikia sentensi yako ya pili ukianza hivyo.

Wala hatuna sababu ya kuanza hivyo. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu mwaka 1974, leo ni taasisi kamili. Nchi ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na baraza la kuwasajili waganga. Mganga aliyesajiliwa ana jina na mahali anapopatikana. Akikosea unajua pa kwenda. Ujumbe wa kwenye simu hauna mlango wa kugonga. Mpaka ninaouchora mimi uko kati ya kilichopimwa na kisichopimwa, kati ya mwenye jina na asiye na jina. Miti na hospitali vyote vinaweza kukaa upande mmoja.

Ujumbe uliosahihishwa

Mhakiki asiishie kulalamika. Huu hapa, ufupi wa kutosha kwa grupu la familia, unaruhusiwa kuunakili:

"Habari za asubuhi wapendwa. Kitunguu swaumu ni chakula kizuri, tuendelee kukila. Ukitaka kipate nguvu yake, kiponde, kiache dakika 10, ndipo uweke kwenye mboga. Kinaweza kusaidia kidogo kushusha presha, lakini hakitoshi chenyewe: usiache vidonge, na vikiisha tuambiane tuvifuate. Vidonda vya tumbo hakiponyi. Nenda ukapimwe, kuna dawa ya wiki 2. Usikifunge kwenye ngozi ya mtoto. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ARV, au unasubiri upasuaji, mwambie daktari kabla ya kuanza dozi kubwa. Watumie na wenzako."

Kisha weka jina lako chini. Mimi langu liko juu ya makala hii, na ukiona nimekosea mahali, niandikie, nitarekebisha kwa tarehe.